Ukipoteza kazi, bima yako inaenda wapi? Niliyosema kwa mkutano wa mtaa

Jumamosi kikundi kimoja cha vijana hapa Eastlands kiliniita niongee kuhusu bima ya afya. Wengi mmeniomba maandishi, kwa hivyo nayaweka hapa karibu vile nilivyoyasema, pamoja na swali moja lililonishika mwishoni. Sheria ya uzi ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwa majibu, nafuta.

1.

Wazazi wangu, majirani, vijana wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kuacha kazi za Jumamosi mkaja.

Naanza na swali. Wangapi hapa, mwaka huu peke yake, wamewekwa kwa kikundi cha WhatsApp cha kuchangia bili ya hospitali ya mtu? Inueni mkono. (Karibu ukumbi wote uliinua.) Sasa shusheni. Wangapi wamelipa SHA ya mwaka mzima na wako sawa leo? (Mikono michache sana. Wengine walicheka.)

Si mmeona? Bima yetu ya kweli huku mtaani ni ule ujumbe unaanza na "Bwana asifiwe wapendwa, ndugu yetu amelazwa". Tukijua hivyo, tunaweza kuelewa wanasiasa wanabishana juu ya nini.

2.

Nitawapa mfano. Huyu si mtu mmoja, ni wengi wa mitaa yetu nimewaweka kwa mtu mmoja. Tumwite Fundi.

Fundi anaishi Umoja, chumba kimoja cha kulala na sebule, ghorofa ya tatu. Ana bibi na watoto wawili. Amekuwa akichomelea vyuma kwa kiwanda kimoja Industrial Area, mshahara 30,000 kabla ya makato. Kila mwezi mwajiri alikata 825 ya SHIF, hio ni asilimia 2.75 ya 30,000. Fundi hakuwahi kuhisi hio 825. Ilitoka kabla pesa ifike kwa simu.

Februari kiwanda kikapunguza watu. Fundi akarudi mtaani. Sasa anapata vibarua Kariobangi Light Industries, leo mia nane, kesho hakuna, keshokutwa elfu moja na mia mbili. Aprili mtoto anaanza kukohoa, kifua kinapanda na kushuka haraka. Hospitali wanasema ni nimonia, alazwe. Kwa dirisha wanaangalia jina kwa kompyuta: michango haiko sawa.

Wanasiasa wa pande zote wanaongea juu ya Fundi, lakini hawasemi kitu kimoja.

3.

Turudi nyuma kidogo. NHIF ilianza mwaka 1966. Mwaka 1998 sheria mpya ikaifanya shirika la serikali linalojisimamia. Aliyekuwa na mshahara alikatwa. Asiye na mshahara alijilipia kwa hiari: zamani 160 kwa mwezi, na kuanzia 2015 ikapanda hadi 500 kwa mwezi.

Wazazi mnakumbuka hio 500. Mama mboga alikuwa anaituma kwa M-Pesa mwezi ukiisha. Ilikuwa na matatizo yake: ukikosa kulipa kuna faini, hospitali zilidai NHIF mabilioni, na kashfa za madai bandia hazikuisha. Tusiisifu sana kwa sababu imekufa. Lakini mpango ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, na mfuko wetu pia ni wa mwezi kwa mwezi, kama si wa siku kwa siku.

Oktoba 2023 ikatiwa sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria hio na mbili zilizoandamana nayo zinakiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi na NHIF ikafungwa.

4.

SHA ni mamlaka. Chini yake kuna mifuko mitatu, na ukichanganya hii mifuko, mwanasiasa yeyote atakudanganya.

Mfuko wa kwanza ni wa huduma za msingi. Huu unalipiwa na serikali. Ukiwa umejisajili, unatibiwa kwa zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na ya 3, bila kulipa mchango.

Mfuko wa pili ndio SHIF. Huu unalipiwa na michango yetu, na ndio unaolipa ukilazwa, ukifanyiwa upasuaji, ukijifungua, ukisafishwa damu.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mazito. Unasaidia pale SHIF imefika mwisho, kwa mfano kwa saratani.

Kwa hivyo mtu akisimama juu ya gari aseme "matibabu ni bure", ana ukweli nusu. Kikohozi cha kawaida cha mtoto wa Fundi, kituo cha afya, ni bure akiwa amejisajili. Nimonia ya kulazwa si bure. Na mtu akisema "hii SHA haifanyi chochote", yeye pia ana nusu. Uliza kila mara: unaongea juu ya mfuko gani?

5.

Sasa tufike kwa pesa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, haijalishi anapata ngapi. Wakati wa NHIF, mtu wa 20,000 alilipa 750. Sasa analipa 550. Mtu wa 30,000 alilipa 900, sasa 825. Mtu wa 100,000 alilipa 1,700, sasa 2,750. Kwa hivyo kwa walioajiriwa, wa chini walipunguziwa na wa juu wakaongezewa. Anayetetea mpango huu akisema ni wa haki zaidi, kwa hapo hajakosea.

Lakini kuna kiwango cha chini kabisa: 300 kwa mwezi. Chukua simu upige hesabu. Asilimia 2.75 inafika 300 ukiwa unapata karibu 10,900 kwa mwezi. Chini ya hapo, unalipa zaidi ya 2.75. Mama anayeosha nguo na kupata 6,000 kwa mwezi, 300 kwake ni asilimia 5. Mkurugenzi wa benki analipa 2.75, dobi analipa 5. Hii sijawahi kusikia ikitajwa kwa mdahalo wa televisheni, upande wowote.

6.

Fundi sasa hana hati ya mshahara. Serikali itajuaje anapata ngapi? Haijui. Inakisia. Kuna maswali unajibu ukijisajili: nyumba ni ya nini, sakafu ya nini, choo cha aina gani, unapikia nini, una vitu gani. Mashine inachukua majibu inakupa kiasi.

Kwa kijiji inaweza kusaidia kutofautisha nyumba ya udongo na nyumba ya mawe. Huku kwetu, nani hana nyumba ya mawe? Kayole, Umoja, Dandora, Donholm, sisi wote tuko kwa mawe. Lakini mawe si yetu! Ni ya landilodi. Sakafu ni simiti, choo ni cha kuvuta maji hata kama maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, stima iko hata kama ni ya tokeni ya hamsini. Kwa majibu hayo Fundi anaonekana ako sawa. Mashine inaona jengo, haioni kwamba kodi ya jengo hilo ndio imemmaliza.

7.

Tuseme imemwambia Fundi alipe 700 kwa mwezi. Sikizeni vizuri, hapa ndio pana kiini cha hotuba yangu. Hio 700 ni kidogo kuliko 825 aliyokuwa akikatwa. Bei imeshuka. Lakini asiye na mshahara analipa mwaka mzima kwa mara moja, kabla. 700 mara 12 ni 8,400.

Mwaka jana, alipokuwa na kazi, aliingia kwa bima na 825. Mwaka huu, akiwa hana kazi, ili aingie anahitaji 8,400 mkononi. Yaani mara kumi, kwa wakati ambao hana kitu. Hio 8,400 labda ndio kodi ya nyumba ya mwezi.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuuliza "kwani nani atashindwa na 300 kwa mwezi?", mjibu kwa heshima: mheshimiwa, hakuna anayeniitisha 300 kwa mwezi. Ninaitishwa 3,600 leo.

8.

Lakini tuwe waungwana. Kwa nini walioandika hii sheria waliweka mwaka mzima? Si roho mbaya tu. Kuna sababu, na lazima tuielewe ndio tuweze kuipinga.

Bima ni kama chama. Ikiwa watu wanaingia tu siku wako wagonjwa, wanalipa 500, wanatibiwa ya elfu sitini, halafu wanatoka, mfuko utakauka. Hio ilikuwa shida ya NHIF na watu wa hiari. Kwa hivyo wakasema: lipa mwaka, mgonjwa au mzima.

Na mfuko ukikauka, anayeumia ni sisi. Hospitali isipolipwa inafunga dirisha. Mwaka 2025 chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kilitangaza kusimamisha huduma kwa wenye SHA kwa sababu ya madeni. Hata aliyelipa mwaka mzima alijikuta anaitishwa pesa taslimu. Kwa hivyo anayesema tu "waache kutuitisha pesa" hajamaliza sentensi. Pesa itatoka wapi?

9.

Kuna jibu moja limeshaletwa: Lipa SHA Pole Pole, ya mwaka 2025. Unakopeshwa mchango wa mwaka, SHA inalipwa, wewe unarudisha kidogo kidogo. Kwa mtu ambaye biashara yake inasonga, inaweza kumsaidia. Lakini tuite kitu kwa jina lake: ni mkopo. Fundi ambaye hajui kesho atapata kibarua, tumemwongezea deni juu ya ugonjwa.

Jibu la pili ni serikali kuwalipia wasiojiweza kabisa. Sheria inaruhusu, na ni jambo zuri. Swali ni nani anaingia kwa orodha. Ikiwa orodha inatoka kwa mashine ile ile ya sakafu na choo, wa ploti za Eastlands wengi watakosa. Fundi si maskini wa kutosha kulipiwa, na hana pesa ya kutosha kujilipia. Yuko katikati, na katikati ndio kuna watu wengi zaidi.

Msidhani natia chumvi. Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako kwa sekta isiyo rasmi. Waliojisajili SHA walipita milioni 20 mwaka 2025, lakini wasio na mshahara wanaolipa ni sehemu ndogo tu. Kujisajili si kuwa na bima. Mwanasiasa akikutajia idadi ya waliojisajili, muulize idadi ya wanaolipa.

10.

Wengine wamefanyaje? Ghana ilipitisha sheria ya bima ya taifa mwaka 2003. Pesa nyingi ya mpango wao inatoka kwa ushuru wa asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma, si kwa kumfuata mama mboga mmoja mmoja. Thailand, mwaka 2002, ilisema wasio na ajira rasmi watalipiwa na kodi, mgonjwa alipe baht 30 tu akienda hospitali. Rwanda ina mutuelle, ambapo kaya ziligawanywa kwa makundi ya uwezo, na majirani wenyewe walihusika kusema nani ni wa kundi gani, si mashine peke yake.

Hakuna nchi iliyoweza kuwaingiza watu wa vibarua wengi kwa kutegemea wajilipie peke yao. Mahali fulani kodi inaingia.

Lakini hapo pia tusidanganyane. Tukisema kodi, ni kodi gani? Ushuru wa bidhaa unalipwa na Fundi pia, kila akinunua sabuni. Na sisi ndio tulisimama Juni 2024 mpaka mswada wa fedha ukaondolewa. Kwa hivyo anayetuahidi bima ya kodi atuonyeshe kodi ipi, kutoka kwa nani, na ni nini kitapunguzwa.

11.

Haki zako ni zipi leo, kabla hawajamaliza kubishana? Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema una haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Hio ya dharura haina "ukiwa umelipa".

Na ukishindwa na bili, kufungiwa hospitalini si sheria. Hapa hapa Pumwani, wanawake walizuiliwa baada ya kujifungua kwa sababu ya bili, wakaenda kortini, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilivunjwa. Deni linabaki deni, lakini wewe si rehani.

Jambo lingine: hospitali za kaunti, kama Mama Lucy na Pumwani, ziko chini ya kaunti. Sera ya taifa na hospitali kuu za rufaa ziko chini ya serikali ya taifa. Kwa hivyo anayetaka kura ya kaunti asikwambie atapunguza mchango wa SHIF. Hio si kazi yake. Muulize dawa, vitanda, wauguzi.

12.

Tufanye nini sisi? Kwanza, jisajilini, hata kama hamna pesa ya mchango. Ni *147#. Hio inakufungulia zahanati na kituo cha afya. Weka watoto wote kwa orodha yako. Ukipoteza kazi, usingoje ugonjwa ndio uangalie jina lako linasema nini.

Pili, akina mama mna vyama. Sikizeni hii hesabu. Chama cha watu 12, kila mtu akiweka 700 kwa mwezi, ni 8,400. Kila mwezi mnalipia mwanachama mmoja mwaka mzima. Badala ya sufuria na mapazia, mzunguko mmoja uwe wa bima. Ina kasoro: wa mwisho anangoja miezi 11, kwa hivyo anzeni na wenye watoto wadogo, wajawazito na wenye presha na sukari. Lakini jiulizeni: ikiwa akina mama 12 wa Mutindwa wanaweza kufanya malipo ya mwaka yawe ya mwezi bila riba, serikali yenye kompyuta imeshindwa na nini?

Tatu, maswali. Mwaka 2027 watakuja hapa na magari na muziki. Msiwapigie kelele. Waulizeni maswali matano, na mwandike majibu:

Moja, mtu akipoteza kazi, anabaki na bima miezi mingapi kabla aanze kulipa mwenyewe?
Mbili, utaruhusu malipo ya mwezi bila mkopo, na utazuiaje watu wasiingie tu wakiwa wagonjwa?
Tatu, mpangaji wa nyumba ya mawe atapimwa vipi?
Nne, kwa nini wa 6,000 anatoa asilimia kubwa kuliko wa laki?
Tano, hospitali ikidai, italipwa kwa siku ngapi, na isipolipwa nani anawajibika?

Akijibu tatu kati ya hizo bila kumtukana mpinzani wake, huyo angalau amesoma. Asanteni.

*

Hapo ndio nilimaliza. Halafu shosho mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasimama polepole akauliza: "Mjukuu wangu, mimi nauza viatu vya mitumba. Mtoto wangu anakatwa kwa mshahara kila mwezi. Mbona siko kwa hio yake? Si mimi ndio nilimzaa?"

Nilimjibu vile sheria iko: shosho, kwa mfumo huu familia ni anayelipa, bibi au bwana yake, na watoto wake. Mzazi ni kaya nyingine, anajisajili na kulipa peke yake. Akaniangalia kidogo. Akasema, "Kwa hivyo aliyeandika hakuwa na mama."

Ukumbi ulicheka, mimi pia. Lakini nikirudi nyumbani nikafikiria kwamba amenipa swali la sita, na ni zito kuliko yangu matano. Huku kwetu ni nani hana mzazi anayemtunza? Sheria imechora familia ya watu wanne kwa ghorofa ya tatu. Bili inapokuja, inalipwa na familia ile nyingine, ya shosho, shangazi, binamu na wapendwa wa WhatsApp.

Basi ongezeni hilo kwa orodha. Na walio na hesabu yao ya SHA, andikeni hapa chini: unakisiwa kulipa ngapi, na kwa kweli unapata ngapi kwa mwezi. Usitaje jina wala hospitali. Wiki ijayo nitazipanga tuone mashine inakisia vipi kwa mitaa yetu.